Sanamu ya tani kumi juu ya njia ya watu: baada ya utepe kukatwa, nani anakagua?

#1 Kichuguu

Salaam wakuu.

Lifti ninayopanda kazini ina karatasi ukutani: imekaguliwa lini, inabeba kilo ngapi, saini ya aliyeikagua. Nje ya jengo hilo hilo kuna sanamu ya chuma imeinama juu ya njia ya watu kama twiga anayekunywa maji. Watoto wanapanda miguu yake, wapiga picha wanaiegemea. Juzi nilisimama nikasoma bao lake lote. Msanii yupo. Mgeni rasmi aliyeizindua yupo, tena kwa herufi kubwa kuliko za msanii. Mfadhili yupo. Mhandisi hayupo, na tarehe ya ukaguzi haipo.

Dai langu ni hili: kazi kubwa za sanaa zinazowekwa hadharani hazina mkaguzi. Utepe ukishakatwa, tunasubiri tu. Isipoanguka tunasema ni imara, ikianguka ndiyo tunajua haikuwa imara. Nipingeni.

#2 mpita_njia

Nimeweka kambi. Uzi huu utakuwa mrefu.

#3 Mzee wa Bolti

Kichuguu, nusu ya dai nakupa, nusu naichukua.

Nimeunganisha vyuma miaka mingi, na kazi za wasanii zimo. Kazi kubwa haisimami bila mhandisi wa miundo kupiga hesabu ya uzito, upepo na udongo. Chukua sanamu ya Angel of the North kule Gateshead, Uingereza, ya mwaka 1998. Kimo mita 20, mabawa mita 54 ncha hadi ncha, tani 200. Mabawa yale ni tanga tupu. Kwa hiyo chini yake wamemwaga zege tani 600 na nguzo zinazoshuka mita 20 hivi kufuata mwamba, na hesabu imepigwa kwa upepo wa zaidi ya kilomita 160 kwa saa. Kinachoonekana juu ni theluthi tu ya uzito uliofukiwa.

Ukaguzi wa mwanzo haukosekani. Unaokosekana ni wa mwaka wa tano, wa kumi, wa ishirini. Nyumba ina mtu analala ndani, paa likivuja atapiga kelele. Sanamu ikivuja, inavujia ndani ya mguu wake yenyewe, kimya kimya.

#4 Msomi Njaa

Eti wa mwanzo haukosekani? Mzee umeisahau sanamu ya B of the Bang ya Manchester, Uingereza. Mita 56, miiba 180 ya chuma imechomoza kila upande kama nungunungu aliyeshtushwa usingizini. Mwiba mmoja uliwaangukia watu siku ya uzinduzi, na baada ya miaka kumi ikang'olewa yote.

#5 binti_nondo

Msomi, sentensi moja umechapia mara mbili.

Iliyodondoka ni ncha ya mwiba, na ilidondoka siku sita KABLA ya uzinduzi wa Januari 2005. Haikumpata mtu. Na miaka kumi haikufika, ilibomolewa 2009. Katikati hapo miiba 22 ilitolewa, halmashauri ya jiji ikawafungulia kesi wasanifu na makandarasi, wakamalizana nje ya mahakama mwaka 2008 kwa pauni milioni 1.7. Kuijenga ilikuwa imegharimu pauni milioni 1.42. Piga hesabu mwenyewe.

Ila hoja yako ina mashiko. Mwiba mrefu mwembamba hauhitaji kimbunga ili uvunjike. Upepo wa kawaida ukipita pembeni mwa nguzo huacha mizunguko midogo nyuma yake, kushoto, kulia, kushoto, kulia. Mdundo huo ukioana na mdundo wa nguzo yenyewe, nguzo inaanza kucheza. Haichezi sana. Lakini icheze mara milioni, mshono wa kuchomelea unachoka na ufa unaanza mahali ambapo jicho halifiki. Ndiyo maana Statue of Unity ya India, mita 182, imetiwa ndani mizigo miwili ya tani 250 kila mmoja, kazi yake kuyumba kinyume na mwili ili kuutuliza.

#6 Msomi Njaa

Kofi nimelipokea. Asante dada.

#7 Radi Kavu

Wakuu, tusimtafute mchawi. Upepo ni upepo. Wasanii Christo na Jeanne-Claude waliweka miavuli 3,100 mwaka 1991, mingine California mingine Japani, wahandisi kibao, kila mwavuli kilo 200 hivi. Upepo wa ghafla ukang'oa mmoja kule California, mama mmoja mtazamaji akafa. Utamlaumu nani? Kuna mambo ya Mungu.

#8 binti_nondo

Ya Mungu yapo, ila hili la upepo hakulificha. Lina hesabu ya darasani: kasi ikizidi mara mbili, nguvu inazidi mara nne. Upepo wa mita 20 kwa sekunde, yaani kilomita 72 kwa saa, unasukuma kama kilo 25 kwa kila mita ya mraba. Wa mita 40 kwa sekunde unasukuma kama kilo 100. Sasa ile miavuli ilikuwa na kipenyo cha karibu mita 8.7. Mwavuli mmoja ukiukabili upepo ule wa kwanza tu kwa uso wake wote, unapokea karibu tani moja na nusu.

Na Christo upepo alikuwa anaujua fika. Pazia lake la bondeni Colorado mwaka 1972 lilikaa saa 28 tu, likaanza kupigwa na dhoruba, likashushwa. Kwa hiyo swali kwangu siyo "nani aliuleta upepo". Ni hili: kulikuwa na mtu mwenye kipima upepo mkononi na mamlaka ya kusema "fungeni sasa" bila kumpigia mtu simu kuomba ruhusa?

#9 Radi Kavu

Dada unapiga hesabu kama unanidai.

#10 Mama Kreni

Kwenye hiyo miavuli wote mnamtaja marehemu mmoja. Walikuwa wawili. Baada ya kifo cha California miavuli ikafungwa nchi zote mbili, na wakati wa kuing'oa kule Japani mkono wa kreni ukagusa waya wa umeme wa volti 65,000. Mfanyakazi akafa. Uzi mzima mnaongelea watazamaji, kazi zenyewe zinaua kwanza wanaozibeba.

Nimesimamia kunyanyua mizigo tangu nikiwa msichana wa kushika kamba. Bamba la kiwandani linakuja na matundu ya kushikia na uzito umeandikwa ubavuni. Kazi ya msanii haina pa kushika kwa sababu "pataharibu umbo", na katikati ya uzito wake hapajulikani mpaka uinyanyue uone inaelekea wapi. Mwaka 1971 pale Minneapolis bamba la msanii Richard Serra la kama tani mbili lilimuua fundi wakati wa kulisimamisha. Mwaka 1988 New York, wakati wa kuishusha kazi yake nyingine, wafanyakazi wawili waliumia, mmoja akapoteza mguu. Luis Jiménez, aliyebuni yule farasi wa bluu wa uwanja wa ndege wa Denver, aliuawa na kipande cha farasi huyo huyo ndani ya karakana yake mwaka 2006. Kilimkata mshipa wa mguu.

Kwa hiyo Kichuguu, mkaguzi unayemtafuta angetakiwa afike kabla ya utepe, siku ya kreni.

#11 Tingatinga

Farasi amemuua mwenyewe kisha wakamsimamisha vilevile 2008, macho mekundu yanawaka usiku, abiria wanapita wanasali. Wenyeji wamembatiza jina la shetani kabisa. Mimi pale sishuki kwenye gari.

#12 mpita_njia

Tingatinga hata nauli ya kufika pale huna.

#13 Tingatinga

Nauli siyo hoja ya uzi.

#14 Kalamu Nyeusi

Mimi ni msanii, nachonga na nachomelea. Naona tumeanza kuonekana wauaji.

Mtu anayetaka kazi imara kuliko wote ni msanii, maana jina lililo kwenye bao ni lake. Tatizo linakoanzia nitalisema. Kamati inakuja na bajeti ya mita sita. Katikati mgeni rasmi anataka ionekane kutoka barabara kuu, inakuwa mita tisa. Fedha inabaki ile ile, na siku ya uzinduzi haisogei hata kwa dua. Sasa nipunguze nini? Siwezi kupunguza uso, utaonekana. Kinapungua kilicho ndani: unene wa bomba, idadi ya bolti, siku za zege kukaa.

Mkague kamati kwanza, mkuu.

#15 Jicho la Tatu

Kalamu kasema kweli ila kajisahau. "Nipunguze nini" ni swali la kumwuliza mhandisi kwa maandishi. Si la kujijibu karakanani saa nane usiku.

#16 Kalamu Nyeusi

Nakubali. Ila saa nane usiku mhandisi hapokei simu.

#17 Bwana Shauri

Nije na upande wa sheria, maana hapo ndipo dai la #1 lina nguvu.

Sanamu kubwa haina kabila. Siyo nyumba, hakuna anayeishi. Siyo mashine, haizunguki. Siyo daraja, ingawa watu wanapita chini yake na wakati mwingine juu. Mkaguzi wa majengo anasema siyo yangu, wa mitambo anasema siyo yangu, wa utamaduni anakuja kutazama kama inapendeza.

Mfano mzuri ni Dreamspace ya Maurice Agis, ule mji wa plastiki wa kujazwa hewa, vyumba vya rangi rangi vyenye ukubwa kama nusu ya uwanja wa mpira. Julai 2006 pale Chester-le-Street, Uingereza, uling'oka na watu kama 30 wakiwa ndani, ukapaa, ukapinduka. Wanawake wawili walikufa. Msanii akafungwa jela kwa kuua bila kukusudia.

#18 Sauti ya Chini

Hakufungwa, Bwana Shauri. Kwenye shtaka la kuua bila kukusudia baraza la mahakama lilishindwa kukubaliana. Alitiwa hatiani kwa kosa la usalama, akatozwa faini ya pauni 10,000, rufaa ikaishusha hadi 2,500. Halmashauri iliyoukaribisha ilikiri kosa lake ikatozwa 20,000. Agis alifariki 2009.

Na kinachoniuma zaidi: kazi yake ya kabla ya hapo iliwahi kung'oka Ujerumani mwaka 1986. Miaka 20 kabla. Kwenye ndege au meli tukio kama lile lingeandikwa mahali, anayekaribisha kazi inayofuata angelisoma. Kwenye sanaa hakuna daftari hilo.

#19 Bwana Shauri

Nasimama nimesahihishwa. Lakini umeona? Umenipa hoja bora kuliko niliyokuja nayo.

Niongeze. Ulaya lile puto la watoto la kurukia lina kiwango chake, EN 14960. Kinadai sehemu zisizopungua sita za kulifunga ardhini, na upepo ukizidi kilomita 38 kwa saa watoto watoke. Puto hilo hilo, plastiki ile ile, feni ile ile, ukiliita la kuchezea, mtu atakuja kuhesabu vigingi. Ukiliita sanaa, mtu atakuja na glasi mkononi. Ndiyo maana kila nikisoma ratiba ya tamasha naangalia kwanza kitu kimeitwaje.

#20 Tingatinga

Maputo mmeyagusa wenyewe, sasa siwezi kunyamaza. Mwaka 2008 pale Bern, Uswisi, nje ya makumbusho, msanii Paul McCarthy aliweka kinyesi cha mbwa cha kujazwa hewa, kikubwa kama nyumba. Naapa. Upepo ukaja usiku, kikakata kamba, kikaruka mita 200, kikaangusha waya wa umeme, kikatua kwenye kituo cha watoto na kuvunja dirisha. Kilikuwa na mfumo wa kujitoa hewa wenyewe dhoruba ikija. Haukufanya kazi.

Hebu fikiria ripoti ya polisi.

#21 Mama Kreni

Nimecheka mpaka mwanangu amekuja kuuliza kuna nini. Sasa nimwambie nini?

#22 Msomi Njaa

Mwambie ni sanaa.

#23 binti_nondo

Chekeni, ila lililoharibika pale ndilo la kuzungumza. Kifaa cha usalama ambacho kinategemewa siku moja tu katika mwaka, siku hiyo hiyo ndiyo kinajaribiwa kwa mara ya kwanza. Nikikabidhiwa puto kama lile ningelishusha kwa makusudi siku ya jua, mbele ya mashahidi, nipime linachukua dakika ngapi. Kama ni dakika ishirini na dhoruba huja kwa kumi, hicho siyo kifaa cha usalama, ni pambo.

#24 Kichuguu

Wakuu nimewasoma wote. Naona mpaka sasa mshtakiwa ni upepo, kamati, msanii, sheria isiyo na kabila, na kreni. Mzee wa Bolti, ulisema sanamu inavujia ndani. Fafanua.

#25 Mzee wa Bolti

Nilikuwa nasubiri uulize.

Chuma cha pua ukikifunga kwenye chuma cha kawaida bila kutenganisha, maji yakiingia kati, umetengeneza betri. Kimoja kinakula kingine. Shaba na chuma ndiyo usiseme. Sanamu ya Uhuru ya New York ngozi yake ni shaba ya unene wa milimita 2.4, mifupa yake ilikuwa chuma. Wajenzi wa 1886 walijua, wakaweka kitambaa cha asbesto chenye gundi katikati. Kitambaa kikazeeka, kikanyonya maji, kazi yake ikageuka. Kutu inachukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, kwa hiyo ilivimba, ikasukuma ngozi, ikang'oa ribiti. Matengenezo makubwa ya 1984 hadi 1986 yalibadilisha fito zaidi ya 1,800, wakatia chuma cha pua. Nje watu walikuwa wanapiga picha tu, mama anapendeza.

Sasa kisa changu. Tulitengeneza kazi moja yenye miguu ya bomba. Mchoro ulikuwa na vitundu vya kutoa maji chini ya kila mguu, ukubwa wa kidole. Baada ya mwaka mvua ikawa inachora michirizi ya kutu kwenye jiwe la chini, jiwe jeupe la thamani. Mtu wa usafi akaambiwa ashughulikie, akaziba vitundu kwa gundi ya madirisha. Akapewa pongezi. Nilipita pale miaka minne baadaye, nikagonga mguu kwa ufunguo wa gari. Haukulia kama bomba. Ulilia kama pipa limejaa. Nilitoboa kwa dirili, maji yalitoka robo saa nzima, meusi kama wino. Ndani ukutani pa bomba nilichomeka bisibisi ikaingia.

Hakuna aliyekosea kwa ubaya. Mwenye mchoro wa vitundu na mwenye gundi hawakuwahi kukutana, basi.

#26 Kalamu Nyeusi

Mzee hilo limenitia baridi. Nina kazi mbili za namna hiyo nje huko. Kesho natoka na ufunguo.

#27 Radi Kavu

Hapo sasa nami narudi nyuma kidogo kwenye lile la Mungu. Kidogo tu.

#28 Jicho la Tatu

Ya Sanamu ya Uhuru ilichukua miaka mia. Ya Sindhudurg, India, haikufika miezi tisa. Sanamu ya Shivaji, futi 35, ilizinduliwa Desemba 4, 2023 na waziri mkuu wa India mwenyewe, ikaanguka Agosti 26, 2024. Wakubwa wakasema upepo. Lakini siku chache kabla, idara ya ujenzi ya jimbo ilikuwa imeandika barua kwamba nati na bolti zimeota kutu. Pwani ile, chumvi ile. Baada ya kuanguka, mchongaji na mshauri wa miundo wakakamatwa, na idara zikaanza kuelekezeana vidole, huyu anasema ni ya jeshi la majini, yule anasema ni ya jimbo.

Kwa hiyo Kichuguu, dai lako limekosea sehemu moja. Mkaguzi alikuwepo. Aliona. Aliandika. Barua ilikuwa imeshaandikwa sanamu ilipoanguka. Mnapiga kelele za "nani anakagua", mimi nauliza: akikagua, nani analazimika kufanya kitu kesho yake?

#29 Bwana Shauri

Hii #28 ichapwe mara mbili.

#30 Sauti ya Chini

Mimi nimefanya kazi ya kukaa pembeni ya maonyesho, wale wa "tafadhali usiguse". Nyote mnachunguza chuma. Hakuna aliyemkagua mtazamaji.

Mwaka 1971 msanii Robert Morris aliwaalika watu kwenye makumbusho ya sanaa ya Tate kule London wapande, wateleze, wasukume mbao na magogo yake. Ilifungwa baada ya siku nne kwa majeruhi. Mwaka 2007 Doris Salcedo akapasua sakafu ya Tate Modern ufa wa mita 167. Ufa unaonekana, ndiyo sababu watu walikwenda, na bado waliingiza miguu. Mwaka 2018 kule Porto, Ureno, Anish Kapoor alikuwa na shimo la kina cha mita 2.5 lililopakwa weusi hadi linaonekana kama doa la rangi. Kulikuwa na maandishi ya tahadhari na mlinzi amesimama. Mgeni mmoja akatumbukia ndani, akapelekwa hospitali.

Na zile mbegu za kaure milioni 100 za Ai Weiwei, 2010: watu waliruhusiwa kutembea juu yake, baada ya siku chache wakazuiwa kwa sababu ya vumbi. Mbegu yenyewe haina hatari. Hatari ilizaliwa na miguu ya watu maelfu kusaga. Mchoro wa mhandisi gani una mstari wa "miguu ya watu maelfu"?

Niliyoyaona kwa macho yangu: ukiandika "usipande", wanapanda watu wazima. Ukiweka mlinzi, wanamwomba awapige picha wakiwa wamepanda.

#31 Mama Kreni

Wa picha ni kweli tupu.

#32 Kilemba cha Ukoka

Nimefuatilia kimya tangu #1, naomba nichangie kisa. Tulisimamisha tao la taa kwa ajili ya tamasha, la siku tano, kwa hiyo hapakuwa na msingi. Tulilishikilia kwa mapipa ya maji, kila mguu mapipa manne yaliyojaa. Hesabu ilikuwa sawa, mhandisi alikuja, akasaini, akaenda.

Siku ya tatu bomba la maji la eneo lile likakatika. Wahudumu wa vyoo wakatafuta maji wapi? Siku ya nne asubuhi nasukuma pipa kwa goti linasogea. Sita kati ya nane yalikuwa matupu. Tao la mita saba limesimama kwa adabu tu, na juu yake fito za taa. Tuliliangusha sisi wenyewe kwa kamba kabla watu hawajaingia. Mwenye tamasha alitukasirikia mpaka leo.

Kwenye karatasi lile tao lilikuwa limekaguliwa.

#33 binti_nondo

Mchanga, kaka. Au zege. Kitu ambacho hakuna mtu atakihitaji chooni.

#34 Kilemba cha Ukoka

Tangu siku hiyo ni mchanga, na pipa limeandikwa "USIGUSE, LINASHIKA TAO". Bado nazunguka nayagonga asubuhi na jioni.

#35 Msomi Njaa

Kwenye kazi za muda msisahau moto. Tokyo, Novemba 2016, kwenye maonyesho ya usanifu, kulikuwa na jengo la mbao la watoto kupanda, limepambwa kwa vinyoleo vya mbao. Jioni taa ya kazi ya balbu ya joto ikawashwa kulimulikia, vinyoleo vikashika moto. Mtoto wa miaka mitano alifariki. Hii nimeihakiki kabla ya kuandika, binti_nondo usinichape.

#36 binti_nondo

Hii iko sawa. Na inaumiza. Mbao peke yake ilikuwa salama, taa peke yake ilikuwa salama. Aliyewasha taa pengine aliona giza tu.

#37 Mjukuu wa Bima

Mnamtafuta mkaguzi, mkaguzi ni sisi wa bima. Mwenye uwanja akitaka kukatiwa, tunamwambia lete hesabu za mhandisi, lete picha za msingi kabla ya kufukiwa, lete ratiba ya ukaguzi. Asipoleta, hapati. Fedha inakagua kuliko sheria.

#38 Jicho la Tatu

Mjukuu, mnaomba ratiba ya ukaguzi. Mnaomba pia ushahidi kwamba ratiba ilifuatwa?

#39 Mjukuu wa Bima

Baada ya ajali, ndiyo.

#40 Radi Kavu

Hahaha. Angalau ni mkweli.

#41 Kalamu Nyeusi

Nimerudi wakuu. Nilikwenda na ufunguo. Kazi ya kwanza inalia bomba, vitundu viko wazi, mchwa wamejaribu kujenga kimoja nikawatoa. Ya pili ni ya kuning'inia, siwezi kuigonga. Mzee, ya kuning'inia natazama nini nikiwa chini?

#42 Mzee wa Bolti

Usiwe chini. Kodi jukwaa upande. Ukifika, angalia nati kwanza. Fundi mwenye adabu akishakaza huchora mstari wa rangi kutoka kwenye nati hadi kwenye bamba, mstari mmoja unaovuka vyote viwili. Mstari ukiwa umenyooka, nati haijazunguka. Ukiwa umekatika, imejilegeza. Huhitaji mashine, unahitaji macho na tochi. Kisha angalia kamba ya chuma pale inapoingia kwenye kibano, nyuzi zikianza kukatika huanzia hapo. Mshono wa kuchomelea usiukague kwa macho peke yake, mwite mwenye vipimo, hata vile vya rangi ya kupenya tu vitaonyesha ufa uliofika juu.

#43 Kichuguu

Huo mstari wa rangi nimeupenda. Nimetoka sasa hivi mchana kwenda kwa twiga wangu. Bolti kumi na mbili kwenye mguu wa nyuma. Mistari ipo, nyekundu, mtu aliichora kweli. Kumi na moja imenyooka. Mmoja, wa upande wa njia, umekatika, nati imezunguka kama robo duara.

Nimewaambia walinzi wa jengo. Wamesema uwanja siyo wao. Nimewapigia wenye uwanja, wamesema niandike barua. Nimpigie nani?

#44 Mama Kreni

Funga njia kwanza, hata kwa kamba na viti. Simu baadaye.

#45 Kichuguu

Nimefunga kwa mkanda wa gundi na viti viwili vya ofisini. Mtu ameshasogeza kimoja ili apige picha.